Ndege Isirudi na Upepo: Kupanga Mji Kandokando ya Uwanja wa Luano

Waheshimiwa viongozi wa jimbo na wa komini zetu, wazee wetu, walimu wenzangu, wafanyabiashara, mabibi na mabwana, nanyi ndugu wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo siku hizi lina jina zuri na picha nzuri zaidi, yaani kujenga mji wa kiuchumi kuzunguka uwanja wa ndege, na nimeombwa nilizungumzie huku nikiutazama uwanja wetu wa Luano, hapa Lubumbashi. Picha hizo nimeziona kama mlivyoziona ninyi: minara ya vioo, nyasi ambazo hata mwezi wa tisa hazikauki, barabara zisizo na shimo hata moja. Leo sikuja na picha. Nitazungumzia mizigo na mawe ya mipaka, kwa kuwa naamini kwamba kwa Lubumbashi mambo hayo mawili ndiyo yatakayoamua kama mji huo utakuwapo au hautakuwapo.

Mji wetu wenyewe ni mtoto wa usafiri. Reli iliyopanda kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la shaba likawashwa kando ya mto Lubumbashi. Mitaa ikanyooshwa kama iliyochorwa kwa rula, stesheni ikawekwa pasipo mbali na kazi, na wafanyakazi wakapangiwa kambi na mitaa yao. Anayekaa katika komini ya Kamalondo au ya Kenya leo anakaa ndani ya uamuzi wa watu waliojiuliza swali moja tu, nalo ni hili: treni itabeba nini kurudi pwani? Jibu lilikuwa mikononi mwao, shaba, na kila kitu kingine kikafuata jibu hilo. Ni kweli kwamba watu hao hao waliacha eneo wazi kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, na kwamba upangaji wao ulikuwa hodari katika hesabu na mbaya katika haki. Nalitaja hili mapema kwa sababu nitalirudia tutakapofika kwenye suala la ardhi.

Mtaalamu anayetajwa zaidi katika habari hii ni Mmarekani John Kasarda, mwalimu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, aliyelieneza neno la mji wa uwanja wa ndege, aerotropoli kwa jina lake la Kigiriki cha kuunganisha. Hoja yake haina ugumu: zamani miji ilikua bandarini, kisha kwenye reli, kisha kwenye barabara kuu, na sasa baadhi itakua kwenye viwanja vya ndege, kwa sababu mali ya thamani kubwa haina subira. Mfano wake mmojawapo ni Memphis. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1973 kampuni ya Federal Express ilianza kazi huko kwa ndege ndogo 14 na vifurushi 186, na leo mji huo, ambao ulijulikana kwa pamba na kwa muziki, ni mmoja kati ya vituo vikubwa kabisa vya shehena ya anga duniani. Viwanda vya vifaa vya tiba na maghala ya vipuri vilihamia huko ili mzigo uliofungwa saa tatu za usiku uwe mikononi mwa mteja asubuhi.

Tuiweke takwimu moja mezani. Kwa uzito, ndege hubeba chini ya asilimia 1 ya biashara ya dunia. Kwa thamani, hubeba karibu asilimia 35. Maana yake ni kwamba ndege haitaki kitu kizito, inataka kitu cha thamani. Sasa sisi tumekaa juu ya nini? Juu ya shaba. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba na ya kwanza kwa kobalti, na kwa hiyo mtu akisikia maneno haya kwa mara ya kwanza hudhani kwamba shaba ndiyo itakayojenga mji wa Luano. Haitaujenga. Kilo moja ya shaba safi haifiki dola 15 hata soko likichangamka, na nauli ya kilo hiyo kwa ndege hadi bara jingine ingekula sehemu kubwa ya bei yenyewe. Shaba itaendelea kupita mpakani Kasumbalesa juu ya malori, na nyingine itapita kwenye reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Yeyote anayewaletea mpango wa mji wa uwanja uliojaa picha za mabamba ya shaba, muulizeni kwa heshima kama amewahi kuinua bamba moja.

Je, ndege za mizigo zinazotua hapa zinakuja na nini, na zinaondoka na nini? Miaka michache iliyopita nilikwenda Luano kumpokea mgeni, ndege yake ikachelewa, nami nikakaa upande wa shehena nikitazama. Ndege ya mizigo ilikuwa imetua muda si mrefu. Kwanza likashuka sanduku la mbao, refu kama jeneza, ndani yake mna mhimili wa pampu ya mgodi. Yakafuata makasha meupe ya dawa yenye barafu ndani, yakibebwa mbiombio kwa sababu jua lilikuwa la saa nane. Kisha maboksi ya simu, mipira ya kuzibia mabomba, betri, na vitu vingine nisivyovitambua. Halafu mlango ukabaki wazi. Muda wote nilioukaa pale, kilichoingia kilikuwa mifuko mitatu ya barua na kasha moja la sampuli za mawe. Kijana mmoja wa kupakia, aliyekuwa ameketi juu ya toroli akila muhindi wa kuchoma, aliniona nikishangaa, akaniambia: “Papa, inakuja na buzito, inarudi na upepo.”

Nimesoma vitabu vingi vya mipango miji, lakini sijapata maelezo yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo. Ndege ikirudi na upepo, mwenye ndege hali hasara. Anayeikula ni aliyeagiza mzigo wa kuja, kwa sababu nauli ya kwenda inabebeshwa gharama ya kurudi. Ile pampu ililipiwa safari mbili. Yale makasha ya dawa yalilipiwa safari mbili, na gharama hiyo ilishuka taratibu hadi kwenye kaunta ya duka la dawa huko Katuba, mahali ambapo mama aliyeshika karatasi ya daktari hakujua kwamba ananunua pia hewa iliyosafiri. Ndiyo maana nasema kwamba swali la waliochora mji huu zaidi ya miaka 100 iliyopita bado ni letu, isipokuwa jibu lao halitufai tena. Tunahitaji kitu kingine cha kujaza tumbo la ndege inayoondoka.

Wapo wanaosema maua na mboga, wakiitazama Kenya, na hapa nasema nchi ya Kenya, si komini yetu. Ni kweli kwamba wakulima wa Naivasha hukata maua asubuhi, wakayapeleka Nairobi umbali wa kama kilomita 90, na kesho yake yakawa sokoni Uholanzi. Lakini Naivasha ina ziwa, mashamba yake yalijengwa kwa miongo kadhaa, yana vyumba vya ubaridi kuanzia shambani hadi uwanjani, na yalianza kwa kutumia nafasi iliyokuwamo tayari katika matumbo ya ndege zilizoleta watalii. Sisi unga wa bukari yetu, yaani ugali, kwa sehemu kubwa unavuka mpaka kutoka Zambia. Mji ambao haujajilisha usijipe haraka ya kuilisha Ulaya. Sikatai kilimo, nasema kwamba mboga zetu za kwanza kupanda ndege zielekee Kongo yenyewe. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, na hakuna barabara ya kutegemewa ya kuziunganisha. Ukiitazama ramani kuelekea Mbuji-Mayi, Kananga au Kalemie, utaona kwamba katika nchi hii ndege hufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na lori. Soko hilo la ndani halina picha za kuvutia, na ndiyo sababu halimo katika mipango mingi niliyoionyeshwa, ingawa ndilo soko tulilo nalo leo.

Jambo la pili ndilo ninalotaka kukaa nalo zaidi, kwa kuwa naona hapo ndipo Lubumbashi ina nguvu ambayo miji mingine haina. Turudi kwenye lile sanduku lililofanana na jeneza. Mhimili wa pampu ukivunjika mgodini, maji yanapanda, kinu kinasimama, na kila saa inayopita ni fedha iliyopotea, kiasi kwamba mwenye mgodi hajali nauli ya ndege ni kiasi gani. Migodi hiyo si mmoja wala miwili: inaanza hapa karibu, kwani hata mgodi wa Ruashi uko jirani na uwanja wenyewe, inapita Likasi, inafika Kolwezi umbali wa kama kilomita 300, na upande wa pili wa mpaka iko migodi ya Zambia yenye mashine za aina ile ile. Kwa nini mhimili huo ukae ghalani nje ya bara hili, ukingoja simu ya usiku kutoka Katanga? Unaweza kukaa Luano, ndani ya ghala la forodha, bila kulipiwa ushuru hadi siku utakapotolewa, na ukihitajiwa Kitwe upelekwe Kitwe, ukihitajiwa Kolwezi upelekwe Kolwezi. Na kando ya ghala hilo iwepo karakana ya kuchonga mihimili, ya kusuka upya mota za umeme, ya kupima vali, na maabara ambayo sampuli za mawe zinazopandishwa ndege leo zitapimwa hapa hapa kwa vipimo ambavyo mnunuzi wa ng'ambo atavikubali. Hapo ndege itakuwa na cha kubeba inapoondoka: vipuri vilivyotengenezwa upya, mota zilizosukwa, vyombo vilivyopimwa, na mafundi wenyewe wakienda kufunga kazi yao mahali pengine.

Mafundi hao tunao. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa enzi ya ukoloni, mwaka 1955, na kitivo chake cha ufundi kimetoa wahandisi wa migodi kwa vizazi vitatu. Tuna pia wazee wa iliyokuwa kampuni ya madini ya Union Minière, iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, watu wanaoweza kusikia mlio wa beringi na kukuambia imebaki siku ngapi. Baadhi yao leo wanatengeneza milango ya chuma uani kwao. Sitaki kuwapamba, lakini naomba mpango wowote wa mji wa uwanja utakaoandikwa uanze kwa kuwahesabu watu hao kabla ya kuhesabu vyumba vya hoteli.

Kuna uwanja mmoja wa mbali unaonipa moyo kuliko Dubai au Singapore, nao ni Shannon, magharibi mwa Ireland. Katika zama za ndege za mapangaboi, ndege zilizotaka kuvuka Atlantiki zilitua hapo kujaza mafuta, na wenyeji waliishi kwa abiria waliosubiri. Duka la bidhaa zisizotozwa ushuru lilianzishwa hapo mwaka 1947. Kisha zikaja ndege za jeti, ambazo ziliweza kupita juu bila kutua. Brendan O'Regan, mtu yule yule aliyelianzisha duka lile, hakungoja uwanja ufe. Mwaka 1959 lilifunguliwa eneo huru la viwanda kando ya uwanja, viwanda vikaruhusiwa kuingiza malighafi bila ushuru na kutoa bidhaa nyepesi zilizostahili nauli ya ndege, na baada ya viwanda ndipo ukajengwa mji mpya wa wafanyakazi. Mwaka 1980 Jiang Zemin, ambaye baadaye alikuwa rais wa China, alikwenda Shannon kujifunza, wakati ule ule nchi yake ilipokuwa ikianzisha maeneo maalumu kama Shenzhen. Wataalamu wetu huenda Shenzhen kujifunza. Ni vyema wajue kwamba Shenzhen nayo ilikwenda shule. Zingatieni mpangilio: kwanza shehena, kisha kiwanda, kisha nyumba. Mipango mingi ninayoiona Afrika imeanza na nyumba.

Na nyumba, ndugu zangu, zinanileta kwenye mawe.

Mwaka fulani nilifuatana na mpimaji ardhi mmoja, tukitembea upande wa mashariki wa uwanja, tukiwa na ramani ya zamani yenye alama za mipaka ya ardhi ya serikali. Alama hizo ni nguzo fupi za saruji, kila moja ikiwa na namba. Ya kwanza tuliikuta imelala mtaroni. Ya pili hatukuiona. Ya tatu ilituchukua saa nzima, kwa kuwa mahali ramani iliposema iko porini palikuwa na nyumba tano, miembe, na kisima. Mama mmoja mzee alitukaribisha uani kwake, akatupa viti, akatuuliza habari za nyumbani kwanza kama ilivyo desturi, na wakati tukieleza tunachotafuta, macho yangu yakaangukia miguuni pake. Nguzo ilikuwa pale jikoni, imesimama bado, kichwa chake kimelika upande mmoja hadi kuwa laini kama sabuni. Nikamuuliza: “Mama, jiwe hili mnalitumia kwa kazi gani?” Akacheka, akachukua kisu, akakinoa mara mbili tatu juu ya namba iliyobaki nusu. “Tulilikuta hapa, baba. Linanoa vizuri.”

Mama huyo hakuiba ardhi. Alikuwa na karatasi, yenye mhuri, aliyouziwa na mtu aliyekuwa na mhuri. Sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1973 inasema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia. Lakini kati ya sheria hiyo na uani kwa yule mama wamepita watu wengi wenye kalamu, na kila mmoja aligawa kipande. Ndiyo maana nasita ninaposikia neno la kubomoa. Katiba yetu ya mwaka 2006, ibara ya 34, inataka fidia ya haki itolewe kabla mtu hajaondolewa, na haikusema kabla ya mwandishi wa habari kufika.

Gharama ya kupuuza mawe tunaijua kutoka kwa ndugu zetu wa Goma. Uwanja wao umebanwa na mji pande zote, na mwezi wa Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia kwa lava, ikaiacha fupi kuliko ilivyokuwa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kupaa ilipitiliza mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere, mahali pa soko na nyumba zilizosongamana. Walikufa watu wapatao 40, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege; walikuwa wakinunua na kuuza. Njia ya kurukia ndege haiishii pale lami inapoishia. Sisi tuko juu, takriban mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na alasiri ya mwezi wa kumi hewa yetu ni moto na nyepesi, kiasi kwamba ndege nzito huhitaji njia ndefu zaidi ili inyanyuke. Ardhi iliyo mbele ya mwisho wa njia ni sehemu ya njia yenyewe, hata kama haina lami, na anayeuza kiwanja hapo anauza hatari.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo ni la nchi tajiri, ili tusidhani kwamba mabaya yote ni yetu. Kanada iliamua mwishoni mwa miaka ya 1960 kuujengea mji wa Montréal uwanja ambao ungekuwa mkubwa kuliko yote duniani, mahali paitwapo Mirabel. Ilitwaa karibu hekta 39,000 za mashamba mazuri, ikazihamisha familia zipatazo 3,000. Uwanja ukafunguliwa mwaka 1975, uko mbali na mji, treni ya haraka iliyoahidiwa haikujengwa, na uwanja wa zamani wa karibu ukaendelea kutumiwa. Ndege ya mwisho ya abiria iliondoka mwaka 2004, na mwaka 2014 jengo la abiria likaanza kubomolewa. Sehemu kubwa ya ardhi ilirudishwa kwa wakulima, na baadhi yao walikuwa wameshazeeka wakingoja. Mirabel ilifanikiwa kuchukua ardhi na ikashindwa kupata sababu ya kuichukua. Kwa hiyo, ninaposema tulinde ardhi ya Luano, simaanishi tujitwalie upeo wa macho. Namaanisha tuzifunge pande mbili za mwisho wa njia, tutenge eneo la maghala na karakana lenye ukubwa unaohesabika kwa mizigo iliyopo na ile tunayoweza kuitarajia kwa miaka 20, na mengine yote tuyaachie watu kwa hati zilizo safi.

Mengine nitayapitia upesi. Barabara ya kutoka mjini hadi uwanjani lazima ipate njia ya malori iliyo peke yake, la sivyo kipuri kitakachotua saa sita kitafika karakana jioni. Umeme wa uhakika ni sharti la vyumba vya ubaridi na vya maabara, na hapa Lubumbashi sina haja ya kueleza maana ya umeme kukatika. Takataka nazo zinahusika: mapendekezo ya kimataifa ya usalama wa anga hutaka jalala la wazi liwe umbali usiopungua kilomita 13 kutoka uwanjani, kwa ajili ya ndege wenye manyoya, ambao kwenye injini ni hatari kuliko watu wanavyofikiri. Nchi yetu ina sheria ya maeneo maalumu ya kiuchumi tangu Julai 2014, kwa hiyo chombo cha kisheria kipo na hatuhitaji kukisubiri.

Kuhusu fedha, wote mnaijua Go-Pass, ile ada ya abiria wa ndege. Tangu mwaka 2009 tumekuwa tukiilipa kila tunaposafiri, na ilianza na dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, kwa jina la kuviendeleza viwanja. Sina neno baya juu ya kulipa. Nasema tu kwamba abiria anayelipa maendeleo ya uwanja ana haki ya kuonyeshwa, kwa mwaka na kwa uwanja, kilichojengwa. Liko pia fungu la pili ambalo halitajwi sana katika mazungumzo ya viwanja. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawa mrabaha wa migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa komini au sekta mgodi ulipo, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba haipandi ndege, nimesema, lakini hakuna kinachozuia mrabaha wake ulipie upimaji wa ardhi, fidia ya yule mama na jirani zake, na barabara ya malori. Mgodi utaisha siku moja. Karakana inayohudumia migodi ya nchi mbili haiishi siku hiyo hiyo.

Wengine wataniambia kwamba tujenge kwanza, wateja watakuja. Tunayo njia ya kurukia iliyojengwa kwa imani hiyo, nayo iko Gbadolite. Mobutu aliijenga katika kijiji cha wazee wake, ikiwa na urefu wa takriban mita 3,200, na hata Concorde, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, iliweza kutua hapo. Njia yetu ya Luano ina urefu unaokaribiana sana na huo. Moja ina mji, migodi, reli, chuo kikuu na mpaka wenye biashara nyuma yake. Nyingine ilikuwa na ikulu. Lami ni ile ile.

Na tusijidanganye kwamba tuko peke yetu. Ndola, ambayo kwa mstari wa ndege ni kama kilomita 200 kutoka hapa, ilifungua uwanja mpya wa kimataifa mwaka 2021, nayo iko katikati ya migodi ya Zambia. Kolwezi ina uwanja wake na haja zake, na tangu jimbo la zamani la Katanga ligawanywe mwaka 2015 kila mji mkuu unataka chake. Sioni ubaya. Ila ghala moja kubwa la vipuri lina maana, na maghala matatu yanayonyang'anyana sanduku moja hayana, na kwa hiyo ningependa magavana wa Haut-Katanga na Lualaba, pamoja na wenzetu wa Zambia, wakae meza moja waamue ni uwanja gani utafanya nini, kabla mikopo haijasainiwa. Mkifika meza hiyo bila kujua ardhi yenu ni kiasi gani na mzigo wenu wa kurudi ni upi, mtasaini mlichoandikiwa.

Ndiyo maana ombi langu kwenu leo ni dogo kuliko mlivyotazamia. Kabla mvua hazijashika, tuchukue wapimaji wanne, wanafunzi 20 wa kitivo cha ufundi, wakuu wa mitaa inayopakana na uwanja, na mwakilishi wa kila familia inayoishi juu ya mstari, tuuzunguke mpaka wote kwa miguu na kulitafuta kila jiwe kwa namba yake. Wakati huo huo watu wawili wakae upande wa shehena kwa miezi mitatu, waandike kila kilo inayoshuka na kila kilo inayopanda. Orodha zote mbili zibandikwe ukutani kwenye ofisi za komini, kwa Kiswahili, ili hata anayepita kununua makaa aweze kuzisoma. Daftari, rangi nyekundu ya kuwekea alama na viatu vya mvua: bajeti ni hiyo, na sehemu yake niko tayari kuichangia. Jiwe la yule mama najua lilipo, na nitawapeleka mimi mwenyewe. Itabidi tu tumchukulie kinoo.